Kamanda Fukumura na vijana wetu wa Khedive Ismail

Makamanda wa nyambizi wa Vita Kuu ya Pili hupimwa kwa meli walizozamisha. Kwa kipimo hicho, Toshiaki Fukumura wa Japani alikuwa hodari. Mwaka 1943, akiongoza nyambizi I-27, aliwinda meli za mizigo katika Bahari ya Hindi. Machi aliizamisha Fort Mumford, akanusurika mtu mmoja tu. Juni aliipiga Dah Pu ikiwa bandarini Muscat.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna sababu nyingine ya kulijua jina lake.

Februari 1944 msafara wa meli za askari uling'oa nanga Mombasa kuelekea Colombo. Ndani ya Khedive Ismail walikuwemo askari 996 wa Kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, pamoja na wauguzi na mabaharia. Alasiri ya tarehe 12, karibu na Maldives, Fukumura aliipiga topido mbili. Meli ilizama kwa takriban dakika mbili. Waliokuwa vyumba vya chini hawakupata hata nafasi ya kufika ngazini. Kati ya watu 1,511, walikufa 1,297.

Lililofuata ni zito kulisimulia. I-27 ilijificha chini ya manusura waliokuwa wakielea. Rupert Egan, kamanda wa manowari ya Kiingereza Petard, alikuwa na meli nyingine nne za msafara za kulinda. Akaamuru mabomu yaangushwe papo hapo, katikati ya watu waliokuwa wakingoja kuokolewa. Nyambizi iliibuka. Manowari Paladin ilijaribu kuigonga, ikachanika ubavu. Mizinga ya Petard nayo haikuitoboa. Egan akafyatua topido moja baada ya nyingine, na ya saba ndiyo iliyoimaliza I-27, pamoja na Fukumura.

Hadi leo kisa hiki husimuliwa zaidi kama mtihani wa Egan au kifo cha wauguzi. Yote mawili ni kweli, na yanauma. Lakini kundi kubwa kuliko yote melini lilikuwa askari wa kikosi chetu, na majina ya waliopotea yamechongwa kwenye mnara wa makaburi ya vita, Barabara ya Ngong, Nairobi. Wizara za elimu za Kenya, Uganda na Tanzania ziiingize tarehe 12 Februari 1944 katika vitabu vya historia vya sekondari, na walimu wa Nairobi wawapeleke wanafunzi wakayasome majina hayo moja moja.