Ukame wa filamu, mafuriko ya mlangoni: sayansi ya tabianchi na hadithi za kesho yetu

Mwaka 2009, mwongozaji filamu wa Kenya, Wanuri Kahiu, alitengeneza filamu fupi ya takriban dakika 20 iitwayo Pumzi. Matukio yake yanafanyika Afrika Mashariki, miaka 35 baada ya Vita Kuu ya Tatu ya Dunia, vita vilivyopiganwa kwa ajili ya maji. Juu ya ardhi hakioti kitu. Watu wanaishi ndani ya mji uliofungwa, jasho na mkojo wao huchujwa na kunywewa tena, na umeme huzalishwa kwa nguvu za miili ya wakazi wenyewe. Siku moja Asha, mtunzaji wa jumba la makumbusho, anapokea udongo wenye unyevu. Anaweka mbegu ndani yake, nayo inaota. Anapokatazwa kutoka nje, anatoroka na mche wake na kuelekea jangwani.

Filamu hiyo ilionyeshwa katika tamasha la Sundance nchini Marekani Januari 2010, na hadi leo ni miongoni mwa kazi za kwanza kutajwa panapozungumzwa bunilizi za Kiafrika kuhusu wakati ujao. Haikuzuka hivi hivi. Mwaka ilipotengenezwa, Kenya ilikuwa katika ukame mkali: mifugo ilikufa, na umeme ukagawiwa kwa zamu kwa kuwa maji ya mabwawa yalikuwa yamepungua. Mwaka huohuo Kahiu alitengeneza pia filamu ya maisha ya Wangari Maathai, mwanamke aliyeijulisha dunia kwamba kupanda mti ni kazi ya siasa.

Miaka zaidi ya 15 imepita. Inafaa kuuliza: ikiwa msanii huchota maono yake katika elimu ya zama zake, je, sayansi ya tabianchi inasema nini leo kuhusu ukanda wetu, na je, hadithi tunazosimuliwa zinakwenda sambamba nayo?

Mkosaji alipopatikana

Uhusiano kati ya sayansi hii na bunilizi ni wa muda mrefu. Mwaka 1896 mwanasayansi wa Sweden, Svante Arrhenius, alikwisha kukokotoa kiasi ambacho joto la dunia lingepanda iwapo hewa ya ukaa ingeongezeka maradufu. Hata hivyo, hesabu hiyo haikuingia haraka katika hadithi. Mwingereza J. G. Ballard alipochapisha riwaya ya The Drowned World mwaka 1962, aliionyesha London ikiwa imezama chini ya maji na kugeuka kinamasi cha joto kali. Lakini chanzo cha maafa katika riwaya hiyo ni jua lililochafuka. Hakuna mtu wa kulaumiwa.

Wakati huo vipimo vilikuwa ndiyo kwanza vimeanza. Mwaka 1958 Charles Keeling alianza kupima hewa ya ukaa kwenye mlima Mauna Loa, Hawaii, akakuta takriban sehemu 315 katika kila milioni. Leo kiwango hicho kimepita 420. Kadiri mstari wa vipimo hivyo ulivyopanda, ndivyo lawama zilivyolihama jua na kumwangukia binadamu, na bunilizi nazo zikabadilika. Octavia Butler, katika Parable of the Sower ya mwaka 1993, aliianzisha simulizi yake mwaka 2024, katika California yenye ukame, moto na familia zinazokimbia makwao kwa miguu. Januari 2025 moto uliteketeza sehemu kubwa ya Altadena, mji ambako mwandishi huyo amezikwa. Wengi walimwita nabii. Kwa kweli alikuwa msomaji makini wa yale yaliyokwisha kujulikana katika zama zake.

Mfano wa karibuni zaidi ni The Ministry for the Future ya Kim Stanley Robinson, iliyotoka mwaka 2020. Inaanza kwa wimbi la joto nchini India linaloua mamilioni ya watu. Sura hiyo inafuata hoja iliyochapishwa na watafiti mwaka 2010: kipimajoto kilichofungwa kitambaa chenye maji kikifika nyuzi 35 za Selsiasi, jasho halikaushiki tena mwilini, na hata mtu mwenye afya aliyekaa kivulini hawezi kuishi zaidi ya saa chache. Mwaka 2022 majaribio yaliyofanywa kwa vijana wenye afya nchini Marekani yalionyesha kwamba mwili huanza kushindwa kujipoza kabla ya hapo, karibu na nyuzi 31 katika hali ya unyevu mwingi. Riwaya iliyodhaniwa kutia chumvi ilikuwa imepungukiwa.

Kitendawili cha mvua

Turudi nyumbani. Picha ya Afrika Mashariki iliyokauka, kama ilivyo katika Pumzi, ina ushahidi wake. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2020, misimu mitano ya mvua ilishindikana mfululizo nchini Somalia na katika sehemu za Ethiopia na Kenya. Aprili 2023 kundi la watafiti wa kimataifa la World Weather Attribution lilieleza kwamba mabadiliko ya tabianchi yaliufanya ukame wa aina hiyo uwe na uwezekano wa kutokea mara 100 zaidi, hasa kwa sababu joto lililoongezeka hunyonya unyevu wa ardhi na mimea.

Lakini upo upande wa pili. Programu nyingi za kompyuta zinazokadiria hali ya hewa ya miongo ijayo zinaonyesha kwamba ukanda huu, kwa jumla, utapata mvua nyingi zaidi. Wakati huohuo, vipimo vya miongo ya nyuma vilionyesha mvua za masika zikipungua. Watafiti wenyewe wameuita mgongano huo kitendawili cha tabianchi ya Afrika Mashariki, nao bado hawajakubaliana juu ya jibu lake.

Matukio hayakusubiri jibu. Mwishoni mwa mwaka 2019 maji ya magharibi mwa Bahari ya Hindi yalipata joto kuliko kawaida, mvua zikapiliza, na Mei 2020 Ziwa Victoria likapanda hadi kuvunja rekodi iliyowekwa mwaka 1964. Maziwa ya Bonde la Ufa nchini Kenya, kama Baringo na Nakuru, yamemeza nyumba na shule. Pembeni mwa Ziwa Tanganyika, wakazi wa Gatumba nchini Burundi wamehama mara kadhaa. Katika masika ya mwaka 2024, mafuriko yaliua watu zaidi ya 200 nchini Kenya, nchi ileile iliyokuwa imetoka katika ukame mwaka mmoja tu kabla yake.

Hapa ndipo hadithi inapogusa maisha ya watu. Anayeamini kwamba kesho yetu ni jangwa hataona hatari ya kujenga ufukweni ziwa linaporudi nyuma. Bunilizi yenye nguvu hubaki akilini kuliko jedwali la takwimu. Ndiyo sababu bunilizi ya aina moja tu haitoshi kwa ukanda wenye hatari mbili.

Kipimo kilichokosekana

Usiku wa kuamkia Mei 3, 2023, mvua iliua watu zaidi ya 130 hapa Rwanda, wengi wao katika Mkoa wa Magharibi. Siku moja baadaye, ng'ambo ya Ziwa Kivu, maji na matope yaliviangukia vijiji vya Kalehe, Kivu Kusini, na kuua watu zaidi ya 400. Kundi lilelile lililouchunguza ukame wa Pembe ya Afrika lilijaribu kupima mchango wa mabadiliko ya tabianchi katika maafa haya. Jibu lake lilikuwa kwamba haliwezi kusema. Takwimu za mvua hazikutosha.

Sababu zinajulikana. Upande wetu, vituo vingi vya kupimia mvua vilinyamaza baada ya mwaka 1994 na ikachukua miaka mingi kuvirejesha. Mashariki mwa Kongo, vita havijaruhusu kazi hiyo kuendelea. Maana yake ni kwamba waliokufa California wanaweza kuhesabiwa katika hoja za sayansi, na kutoka humo wakaingia katika riwaya, ilhali waliokufa Kalehe wanabaki nje ya vyote viwili. Na si haki kuliziba pengo hilo kwa kudai kwamba kila gharika ni ya tabianchi. Miteremko mikali, misitu iliyokatwa na makazi yaliyojengwa katika njia ya maji navyo vina sehemu yake.

Uzito wa neno "huenda"

Kuna ugumu mwingine, na wanaofasiri habari hizi wanaufahamu vyema. Ripoti za jopo la Umoja wa Mataifa la tabianchi huyapa maneno viwango. Neno tunalozoea kulifasiri kwa "huenda" lina maana ya uwezekano wa asilimia 66 au zaidi. Lililo juu yake, asilimia 90 au zaidi. Katika sikio la msikilizaji wa Kiswahili, "huenda mvua zikaongezeka" ni sawa na kumwambia kwamba hakuna ajuaye. Onyo linageuka shaka njiani, na mfasiri aliyekuwa mwaminifu kwa neno anakuwa amesaliti maana.

Hadithi inaweza kusaidia hapo. Haihitaji kutaja asilimia. Inamweka mtu ndani ya nyumba ambayo maji yanaigonga mlango, kisha inamuuliza angefanya nini. Na Kiswahili hakikosi uwezo. Katama Mkangi, katika Walenisi ya mwaka 1995, alimrusha mhusika wake hadi nchi ya kufikirika. Euphrase Kezilahabi, katika Nagona na Mzingile, aliiacha kabisa njia ya uhalisia. Kyallo Wamitila aliifuata njia hiyo katika Bina-Adamu! mwaka 2002. Kilichobaki ni kwa kizazi cha sasa kuandika kuhusu ziwa linalopanda na mlima unaoporomoka kwa lugha ambayo Goma, Gisenyi na Bujumbura zinaisikia pamoja.

Kazi hiyo itahitaji vitu viwili kwa wakati mmoja: kipimamvua kinachofanya kazi juu ya mlima, na mwandishi aliye tayari kusoma kilichoandikwa na kipimo hicho. Katika Pumzi, Asha alianza na kiganja cha udongo. Kabla ya kupanda chochote, aliupima.