TAHARIRI: Kijana, kabla ya rimu mpya, uliza hali ya bushi

Ukipata gari lako la kwanza, pesa za mwanzo huenda wapi? Kwa wengi wetu jibu linajulikana: redio ya skrini kubwa, spika za kutikisa mtaa, rimu na tinti. Hakuna ubaya. Lakini chini ya gari hilo hilo kuna vipande vya mpira ambavyo hakuna anayevipiga picha, na ndivyo husaidia gari likutii ukikanyaga breki ghafla.

Hizo ndizo bushi. Bushi nyingi ni mpira ulioshikana na vyuma viwili vya duara, kimoja ndani ya kingine. Hukaa pale mkono wa gurudumu unapofungwa kwenye fremu, zikimeza mitikisiko na kuhakikisha gurudumu halichezi ovyo.

Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari kuukuu lililopita miaka 8 tangu mwaka liliposajiliwa mara ya kwanza. Kwa hivyo gari 'jipya' unalotoa kwa yadi huenda mpira wake una miaka 7 tayari. Ongeza mashimo na matuta yetu, na oili inayovuja ikilainisha mpira huo, basi hesabu unaijua.

Dalili hazijifichi. Gari linagonga 'ko!' ukivuka tuta. Usukani unayumba. Ukifunga breki, gari linavuta upande mmoja. Tairi linalika upande wa ndani. Wengi hapo hununua tairi lingine, nalo linalika vivyo hivyo. Kumbe bushi, mara nyingi, ni rahisi kuliko hata tairi moja jipya. Kwa kijana wa teksi ya apu, hiyo ni faida ya siku kadhaa imeenda bure, na abiria wake amehatarishwa.

Lakini kununua spea ni nusu ya kazi tu. Nusu nyingine ni jinsi inavyofungwa, na hapa hatutaficha: kazi nyingi hufanywa vibaya. Kuna wanaotoa bushi kwa nyundo hadi mkono unapinda. Kuna wanaouchoma mpira, na moshi wake ni sumu kwa fundi na kwa yeyote aliye karibu. Bushi hutolewa na kuingizwa kwa presi. Tundu lisafishwe kwanza, na bushi mpya ielekee jinsi ile ya zamani ilivyoelekea.

Kosa kubwa zaidi huja mwisho. Fundi anakaza bolti kabisa gari likiwa bado juu, magurudumu yananing'inia. Gari likishushwa, mpira unabaki umesokotwa kila wakati, hata likiwa limeegeshwa. Bushi inapasuka mapema, nawe unarudi Kirinyaga Road kugombana na muuzaji kwamba alikupa feki. Bolti hizo zikazwe mwisho magurudumu yakiwa yamebeba uzito wa gari. Kisha badilisha pande zote mbili, halafu upeleke gari alaimenti.

Na wewe unayejifunza ufundi, au unayetaka kujaribu mwenyewe nyumbani: usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Mawe pia si stendi. Jeki ikiteleza haikupi nafasi ya pili.

Hatulaumu mafundi pekee. Wateja ndio husimama hapo wakisema, "Fundi, fanya haraka, na upunguze bei." Kazi ya presi huchukua muda na hugharimu. Ukikataa kuilipia, umeitisha nyundo.

Kwa hivyo wikendi hii, kabla ya kulipia rimu, mwombe fundi akague bushi na akuonyeshe kwa macho zilizopasuka. Muulize atazitoa vipi, na bolti atazikaza gari likiwa wapi. Akikujibu vizuri, mlipe vizuri. Rimu zitangoja. Marafiki unaowabeba kila Ijumaa usiku wanakuamini wewe na gari lako.