Simu Zipimwe Hata Baada ya Kuingia Sokoni

Septemba 12, 2023, Wakala wa Masafa wa Ufaransa, ANFR, uliiamuru Apple isitishe uuzaji wa iPhone 12. Simu hiyo ilikuwa sokoni tangu 2020, ikiwa na vyeti vyote.

Wakaguzi walikuwa wamechukua simu 141 na kuzipima. Katika maabara, simu hutegeshwa itoe mawimbi kwa nguvu yake ya juu kabisa, ikiwa karibu na umbo lililojazwa kimiminika chenye tabia ya tishu za mwili. Kisha mkono wa roboti hupima nishati inayofyonzwa. Kwa simu iliyoshikwa mkononi au kuwekwa mfukoni, kikomo cha Ulaya ni wati 4 kwa kilo. iPhone 12 ilifikisha 5.74.

Apple ilipinga matokeo hayo, lakini ikarekebisha programu ya simu hizo nchini Ufaransa.

Kikomo hicho kimewekwa chini sana ya kiwango kinachojulikana kudhuru, kwa hiyo hapakuwa na sababu ya taharuki. Hata hivyo, kasoro hiyo iligunduliwa kwa sababu serikali haikutosheka na cheti cha mwanzo.

Nchini Tanzania na Kenya, mamlaka za mawasiliano, TCRA na CA, huidhinisha vifaa vya mawasiliano kabla ya kuuzwa. Hatua hiyo ni njema, ila haitoshi. Mamlaka hizi zinunue simu madukani, zizipime mara kwa mara, na zitangaze matokeo kwa Kiswahili. Mnunuzi ana haki ya kuyajua.