Ini linapiga habari ndani, sisi tunangoja macho ya njano

Mtu akivimba tumbo na macho yakawa ya njano hapa Kisangani, jamaa hawaulizi ni ugonjwa gani. Wanauliza ni nani amemfanyia hivyo. Pesa za kwanza zinaenda kwa mganga wa kienyeji, na hospitali inafuata wakati ini limekwisha kuwa gumu.

Ini haliumi mapema. Lakini ndani yake habari zimeanza kupita zamani. Seli zake hutoa vifuko vidogo mno vinavyoitwa eksosomu, vya nanomita 30 hadi 150, ambavyo darubini ya kawaida haivionyeshi. Kwa miaka mingi wataalamu waliviona kama takataka tu. Leo inajulikana kwamba vinabeba protini na vipande vya RNA toka seli moja hadi nyingine. Seli iliyoumizwa na virusi vya hepatiti B, au na lotoko ya kila jioni, inatuma ishara, na vifuko hivyo vikiwa kati yake, kwa jirani zenye umbo la nyota ambazo kwa kawaida huweka akiba ya vitamini A. Hizo zikiamshwa zinaanza kutengeneza kovu. Kovu juu ya kovu, miaka 20 au 30, na mwenye ini bado anavuka mto kutoka Lubunga kila asubuhi akijiona mzima.

Ndiyo maana naona tunachelewa tukianza na mgonjwa mtu mzima. Tuanze kwenye chumba cha uzazi. Kati ya watoto 10 wanaoambukizwa wakati wa kuzaliwa, karibu 9 wanabaki na virusi hivyo. Kwa watu wazima ni chini ya 5 katika 100. Chanjo ya pentavalenti tunayo, lakini inaanza wiki ya 6. Tangu 2009 OMS inashauri dozi ya hepatiti B ndani ya saa 24. Mtoto wa Mangobo anaandikiwa BCG na matone ya polio tangu kuzaliwa. Kwa nini sindano hii isiwe pamoja nazo? Friji ni ile ile, muuguzi ni yule yule.

Ni kweli, kule Opala na Bafwasende wako wanaozaa mbali na kituo cha afya. Basi dozi zimfuate mkunga, na wanaozaa hospitalini wasingojeshwe kwa sababu hiyo. Na mama mjamzito anayepimwa ukimwi apimwe hepatiti B siku hiyo hiyo, bila kutoa faranga hata moja.