Katikati ya Mji ni Mali ya Nani?



Neno "kufufua mji" linapotajwa, watu wa miji midogo kama Kimamba hudhani kwamba haliwahusu. Hudhani ni habari ya Dar es Salaam au ya Dodoma, mahali penye maghorofa na mabarabara mapana. Sisi twaona kinyume. Katika makala hii twapenda kueleza kwa nini hali ya katikati ya mji wetu, yaani stesheni, soko, stendi na mtaa wa maduka, ni suala la haki kabla ya kuwa suala la sura nzuri. Na kwa nini yampasa kila mmoja wetu, awe mkulima, mfugaji, mchuuzi au mtumishi wa Serikali, kulitazama hivyo.

Mji wa reli na mkonge

Kimamba ni mtoto wa reli na mkonge. Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907, na mwaka 1914 ikamalizika Kigoma. Palipopita reli palifuata mashamba makubwa, na palipokuwa na mashamba palihitajika mikono. Ndipo walipokuja manamba kutoka pembe nyingi za nchi, wengine wakikusanywa na SILABU, lile shirika la kuajiri vibarua wa mkonge lililoanzishwa mwaka 1944. Wakulima wa Kizungu, wakiwemo Wagiriki, walimiliki mashamba. Wafanyabiashara wenye asili ya Asia wakafungua maduka yenye baraza pana karibu na stesheni. Wakaguru na Wasagara waliwapokea wageni hao wote, na hivyo ukazaliwa mji wa watu waliochanganyika, wanaosemezana kwa Kiswahili.

Mwaka 1964 Tanzania ilitoa mkonge upatao tani 230,000. Kisha nyuzi za plastiki zikaenea duniani, bei ikaanguka. Mashamba mengi yalitaifishwa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967. Mwaka 1971 ikafuata sheria ya kutwaa majumba, na wenye maduka wengi nchini wakafunga milango na kuondoka. Mwishoni mwa miaka ya 1990 nchi nzima haikutoa hata tani 30,000 za mkonge kwa mwaka. Mji uliokuwa ukiishi kwa mshahara wa shamba ulibaki bila mshahara. Tena, mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010, Mto Mkondoa ulivunja tuta lake, ukaharibu makazi ya maelfu ya watu wilayani Kilosa na kuikata reli kwa miezi kadhaa.

Hatuyakumbuki haya ili kuzililia enzi za mabwana shamba. Manamba walilala katika vyumba vya kubanana, na jasho lao lilinufaisha zaidi watu wa mbali. Mji wa zamani ulikuwa na uhai, lakini haki ilikuwa haba. Kwa hiyo kuufufua mji hakuna maana ya kurudisha yaliyopita. Maana yake ni kuurudishia uhai, safari hii pamoja na haki.

Treni inayopita

Leo yako mambo mapya. Reli ya kisasa, ile inayoitwa SGR, ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro tarehe 14 Juni 2024, na mwezi Julai mwaka huohuo ikafika Dodoma. Katika upande wetu vituo vyake vipo Mkata na Kilosa. Jina la Kimamba halimo katika orodha hiyo. Reli ya zamani ingalipo, lakini abiria mwenye haraka hatatushukia tena kwa bahati tu, kwamba treni imesimama naye akapata njaa. Atakayekuja Kimamba atakuja kwa kuwa ana sababu ya kuja.

Hapa ndipo penye kiini cha suala letu. Mji ambao reli iliujenga sasa hauna budi kuwa na jambo lake lenyewe la kumvuta mtu. Jambo hilo haliwezi kuwa jingine ila soko linaloaminika, huduma zinazopatikana, na mahali pa heshima pa kukutania.

Nani anayepotewa?

Mtaa wa maduka ukifa, si wote wanaoumia sawasawa. Mwenye gari au mwenye fedha za kutosha hufunga safari ya Morogoro, akanunua bati, dawa na madaftari ya watoto, akarudi jioni. Mama mjane anayeuza nyanya hawezi. Akikosa dawa katika duka la karibu, ama alipe nauli inayozidi bei ya dawa, ama akae bila dawa. Mkulima asiye na mahali pazuri pa kuuzia humwuzia mchuuzi wa kwanza anayefika shambani, kwa bei anayoitaja mchuuzi. Kijana aliyejifunza ushonaji au ufundi wa pikipiki akikosa chumba cha kupanga na umeme wa uhakika, huenda mjini mkubwa kuwa mtu wa kutembeza bidhaa juani.

Kwa sababu hiyo twasema kwamba katikati ya mji ni mali ya maskini kwanza. Tajiri ana ua wake, ana jenereta lake, ana usafiri wake. Maskini ana soko, ana kivuli cha mwembe, ana baraza la duka na taa ya barabarani. Tukiacha vitu hivyo viharibike, tumemnyang'anya maskini sebule yake, hata kama hakuna aliyeshika kitu cha mtu mkononi.

Shilingi nayo ina safari zake. Mwalimu akipokea mshahara na kununua sukari Kimamba, mwenye duka humlipa kijana wa kupakua mizigo, kijana hula kwa mama lishe, mama lishe hununua mchicha kwa jirani. Shilingi ileile imewafaa watu wanne kabla ya jua kuchwa. Ikitumika Morogoro, imetuaga asubuhi na hairudi.

Mgeni naye ni nani?

Watu wengi wakisikia neno "wageni" huwafikiria watalii wa Mikumi, ambayo ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1964. Watalii wakija, karibu. Lakini wageni wa kweli wa Kimamba ni wengine: mnunuzi wa mahindi anayetafuta mahali salama pa kulala; muuguzi aliyepangiwa kituo kipya, anayeangalia kama aweza kulea watoto wake hapa au aombe uhamisho; ndugu waliokuja msibani; mfugaji aliyeleta mbuzi sokoni; mwanafunzi anayengoja basi usiku. Hao wote huupima mji kwa mambo madogo: je, kuna choo safi? Je, kuna maji ya kunywa? Je, mwanamke aweza kupita stendi saa mbili za usiku bila hofu?

Mji unaomfaa mgeni wa namna hii umekwisha kumfaa mwenyeji, kwa sababu choo ni kilekile na taa ni ileile. Palipo na soko la namna mbili, la kuonyesha wageni na la kuvumilia wenyeji, hapo ujue haki imepotea njia.

Soko na amani

Twaomba msomaji akumbuke pia jambo chungu. Tarehe 8 Desemba 2000, katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, jirani zetu kabisa, watu zaidi ya 30 waliuawa katika ugomvi wa wakulima na wafugaji, na miongoni mwao walikuwamo wanawake na watoto. Chanzo cha ugomvi wa namna hiyo ni ardhi, maji na uongozi mbaya, na hatudai kwamba soko zuri litaviondoa. Lakini twajua kwamba watu wasiokutana huambiana habari zao kwa midomo ya wachochezi.

Sokoni mfugaji huuza maziwa na mkulima huuza unga. Kila mmoja anamhitaji mwenzake, humjua kwa jina, huulizana hali ya watoto. Siku ng'ombe wakiingia shambani, wanaojuana huanza kwa kuitana; wasiojuana huanza kwa silaha. Gulio lenye utaratibu, mizani ya haki na mahali pa kukaa pamoja ni kazi ya amani. Tume yetu isione haya kulihesabu soko miongoni mwa kazi zake.

Ufufuo usio na haki

Hata hivyo iko hatari ya upande wa pili. Miji mingine imefufuliwa kwa kuwafukuza waliokuwa wakiipa uhai. Mwaka 2021 tuliona katika Dar es Salaam na miji mingine vibanda vya machinga vikiondolewa barabarani. Barabara zilipata nafasi, nasi hatukatai kwamba watembea kwa miguu nao wana haki yao. Lakini wengi walipelekwa mahali pasipopita wateja, na mtaji wa miaka ukaisha kwa wiki chache.

Unguja inatupa mafunzo mawili. Bustani ya Forodhani ilikarabatiwa na kufunguliwa tena mwaka 2009, na wauza vyakula wa jioni walipewa nafasi yao ndani ya bustani iliyotengenezwa. Hilo ni funzo jema: walitengenezewa mahali, hawakufutwa. Funzo la pili ni la huzuni. Beit al Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883 katika Mji Mkongwe, liliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020, na watu wakapoteza maisha. Jengo kuukuu halingoji vikao vyetu. Lisipotunzwa huanguka, na aghalabu huwaangukia walio chini yake, yaani mafundi, wapangaji na wapita njia.

Kitabu cha Nehemia chatueleza jinsi Yerusalemu ulivyojengwa upya. Katika sura ya tatu twaona kila mtu akijenga sehemu iliyoelekea nyumba yake: makuhani, wafua dhahabu, wafanyabiashara, hata mabinti wa mkuu mmoja. Wengi huishia hapo. Lakini katika sura ya tano, ujenzi ukiwa bado unaendelea, maskini walilalamika kwamba wanaweka rehani mashamba yao na watoto wao wanatiwa utumwani na ndugu zao wenyewe. Nehemia hakusema tumalize ukuta kwanza. Aliwaita wakubwa, akawataka warudishe mashamba na kuacha riba. Hali kadhalika Papa Paulo wa Sita, katika waraka wake Octogesima Adveniens wa mwaka 1971, aliliweka suala la miji miongoni mwa masuala makuu ya haki ya nyakati zetu, akahimiza mahusiano ya watu yajengwe upya mtaa kwa mtaa.

Yatupasa kufanya nini?

Kwanza, tuanze na yale ambayo maskini huyatumia kila siku: mifereji, vyoo vya soko, maji na taa. Rangi ya kuta na mabango vije baadaye. Barabara na mifereji ya mji iko chini ya TARURA, wakala ulioundwa mwaka 2017. Diwani na Kamati ya Maendeleo ya Kata, katika Kimamba A na Kimamba B, waulizwe wameomba nini na wamejibiwa nini.

Pili, ushuru wa soko uwe na macho. Mama anayelipa ushuru ana haki ya kusoma kwenye ubao ni kiasi gani kimekusanywa na kimetumika wapi. Tusigeuze swali hilo kuwa uchochezi.

Tatu, wenye majengo ya zamani wayatunze au wawape wengine nafasi ya kuyatumia kwa mkataba wa maandishi. Mpangaji aliyetengeneza paa kwa fedha yake asifukuzwe mwezi unaofuata kwa kuwa duka sasa linapendeza.

Nne, vikundi vyetu vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vijiandae kuomba mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri. Utaratibu huo ulisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Fedha hizo hazitamfuata mtu nyumbani.

Tano, mchuuzi yeyote asihamishwe kabla ya kusikilizwa, na kabla ya kuonyeshwa mahali pengine penye wateja.

Sita, sisi wenye uwezo kidogo tununue Kimamba kile kinachopatikana Kimamba. Hatuwezi kuulilia mji mchana na kuukimbia kila mwisho wa mwezi.

Wapendwa, treni ya haraka itaendelea kupita. Hatuna amri juu ya ratiba yake. Lakini fundi wa cherehani barazani, mzani wa sokoni na mfereji ulioziba mbele ya duka viko mikononi mwetu, wala havihitaji kungoja mgeni yeyote kutoka mbali.

Maswali ya kujadili katika Jumuiya Ndogondogo

1. Katika eneo la soko na stendi, ni nani anayeumia zaidi kwa hali ilivyo sasa? Je, tumewahi kumsikiliza?
2. Mara ya mwisho taarifa ya mapato na matumizi iliposomwa mbele ya wananchi, ni wangapi kati yetu tulikuwapo?
3. Wakulima na wafugaji wa eneo letu hukutana wapi kwa amani? Twaweza kufanya nini ili mahali hapo patunzwe?
4. Ni kazi gani moja ambayo jumuiya yetu yaweza kuianza mwezi huu bila kungoja fedha za nje?