Kuwaombea Tusiowajua

Wenzangu wasomaji, wako miongoni mwetu wasemao kwamba kumwombea mtu usiyemjua ni kazi bure, na wako wasemao kwamba hakuna wema upitao huo. Mimi nimekaa pande zote mbili za neno hili, na sababu yake ni jambo lililonipata Gisimenti wakati wa likizo iliyopita.

Kwa msomaji asiyepajua, Gisimenti ni mahali pa Remera, hapa Kigali, si mbali na Uwanja wa Amahoro. Ni mahali pa maduka, mikahawa na watu wengi, hasa jioni. Kutoka hapo hata nyumbani kwetu ni mwendo wa robo saa. Siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha, na yapata saa moja ya usiku nilitumwa kununua mkate. Mbele yangu pikipiki ya abiria iliteleza ikaanguka, dereva na abiria wake wakatupwa barabarani. Abiria aliinuka akichechemea. Dereva hakuinuka.

Je, mimi nilifanya nini? Nilisimama pembeni, nikafumba macho, nikamwombea. Nilisali kwa moyo wote, kama tulivyofundishwa. Nilipofumbua macho nilimwona mama mmoja, mwenye mtoto mgongoni, amekwisha kupiga magoti katika maji. Alikuwa amevua mtandio wake, akiufunga juu ya goti la yule mtu, mahali damu ilipokuwa ikitoka. Aliniangalia, akasema taratibu, “Mwanangu, ukimaliza kuomba, njoo unishikie hapa.”

Niliona haya sana. Nilijibu, “Ndiyo, mama,” nikashika. Mtu mwingine alikuwa amekwisha kupiga simu 912, na baada ya muda gari la wagonjwa likaja likamchukua. Yule mama alinawa mikono katika maji ya mvua, akatwaa kikapu chake, akaenda zake. Sikumwuliza jina. Jina la dereva pia sikulijua, wala hata leo sina habari kama alipona.

Shule ilipofunguliwa nilimsimulia mwenzangu wa bwenini, asomaye sayansi. Alicheka, akasema, “Umeona mwenyewe! Dua ni kimbilio la mvivu.” Kisha akanionyesha habari hii. Mwaka 2006 daktari Herbert Benson na wenziwe wa Marekani walitangaza matokeo ya uchunguzi wao juu ya wagonjwa 1,802, waliofanyiwa operesheni ya mishipa ya moyo katika hospitali sita. Wagonjwa waligawanywa mafungu matatu. Fungu la kwanza waliombewa na la pili hawakuombewa, na wote hao waliambiwa tu kwamba huenda wataombewa, huenda hapana. Fungu la tatu waliombewa, na waliambiwa hivyo waziwazi. Waombaji hawakuwajua, walipewa jina la kwanza la mgonjwa na herufi moja ya jina la ukoo, basi. Ilionekana kwamba katika kila wagonjwa 100 wa fungu la kwanza, 52 walipata matatizo baada ya operesheni; katika fungu la pili walikuwa 51; na katika fungu la tatu, wale waliojua kwamba wanaombewa, walikuwa 59.

Sikupenda habari hiyo, lakini siwezi kuiita uongo kwa sababu hainipendezi. Siku nyingi niliifikiri, na mwisho nimeona kwamba ina faida hata kwetu sisi tusalio.

Kwanza, inatuonya tusiifanye sala kuwa dawa. Mtu akimwombea mgonjwa, kisha akakaa kuhesabu kama dawa imefanya kazi, huyo hamwombi Mungu, anampima. Dawa iko hospitalini, na anayeumwa apelekwe huko upesi.

Pili, inatuonya juu ya kutangaza sala zetu. Madaktari wale walifikiri kwamba huenda zile 59 zilitokea kwa nasibu tu, au huenda wagonjwa wa fungu la tatu waliingiwa na wasiwasi, wakajiuliza kama hali yao ni mbaya hata wakatafutiwa waombaji. Basi, si kila aambiwaye “nakuombea” hufurahi. Wako wanaoogopa, na wako wanaoona kwamba wanaonewa huruma mbele za watu. Katika Injili ya Mathayo, sura ya 6, Bwana Yesu alifundisha kwamba mtu anapotaka kusali aingie chumbani mwake afunge mlango. Nao ndugu zetu Waislamu wana mafundisho ya Mtume kwamba Mwislamu akimwombea ndugu yake kwa siri, hali ndugu huyo hayupo, malaika huitikia amina na kumtakia mwombaji mfano wa hayo. Dini mbili zimekutana hapa, nami sidhani ni bure.

Sasa mtaniuliza, “Ikiwa sala si dawa, na mwenyewe haambiwi, wema wake uko wapi?” Nitajibu kwa mambo ya nchi yetu.

Sisi tuliomo madarasani leo tulizaliwa baada ya mwaka 1994. Lakini tumepelekwa Nyamata na Ntarama, tumeona. Watu walikimbilia makanisani humo kwa kuwa waliamini kwamba nyumba ya sala haitaguswa, nao wakauawa humo humo katika Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi. Na wengi katika wauaji walikuwa watu waliobatizwa. Hilo ni jambo gumu sana kulisema katika gazeti la shule ya misheni, walakini tusipolisema maneno yetu juu ya sala hayatakuwa na uzito. Kusali peke yake hakumfanyi mtu kuwa mwema. Mtu aweza kusali miaka yote akiwaombea walio wake tu: mama yake, watoto wake, ng’ombe wake na mtihani wake. Sala za namna hiyo si mbaya, lakini hazimtoi nje ya ua wake. Kumwombea usiyemjua ni jambo jingine. Ili umwombee, huna budi kwanza kumfikiri kuwa ni mtu: ana kwao, ana anayemngoja jioni, naye huogopa kama wewe uogopavyo. Mimi naamini kwamba ni vigumu kumtakia mtu heri mbele ya Mungu kila usiku, kisha asubuhi ukakubali kuambiwa kwamba huyo si mtu.

Mfano tunao. Félicité Niyitegeka alikuwa mwanamke wa sala huko Gisenyi. Mwaka 1994 aliwaficha watu waliokuwa wakiwindwa, akawasaidia wengine kuvuka mpaka kuingia Kongo. Alipewa nafasi ya kujiokoa peke yake, akakataa kuwaacha, akauawa pamoja nao mwezi wa Aprili. Leo anahesabiwa katika mashujaa wa taifa wa daraja la Imena. Sala yake haikumzuia kufungua mlango. Naona ndiyo iliyomfungulia.

Na hapa petu Remera, karibu na uwanja wa Amahoro, yako makaburi ya mashujaa. Wamo Fred Rwigema, aliyeuawa Oktoba 1990 mwanzoni kabisa mwa vita vya ukombozi, na Askari Asiyejulikana. Hao wawili ni wa daraja la juu kabisa, Imanzi. Kila tarehe 1 Februari, Siku ya Mashujaa, viongozi huweka maua hapo. Zamani nilishangaa: mtu asiyejulikana jina amewekwaje daraja moja na jemadari? Siku hizi sishangai. Taifa zima linamkumbuka mtu ambaye hakuna awezaye kusema alikuwa mtoto wa nani, na kwa hiyo kila mama aliyempoteza mwanawe vitani aweza kusema, “Huyu ni wangu.” Ikiwa taifa laweza kumheshimu lisiyemjua, mimi siwezi kumtajia Mungu neno moja juu ya dereva wa pikipiki?

Basi narudi kwa yule mama wa Gisimenti. Rafiki yangu husema kwamba mama yule alinikemea kwa sababu ya kusali. Mimi nilikuwapo, nayo sivyo ilivyokuwa. Hakuniambia niache. Aliniambia nikimaliza, nije. Kosa langu halikuwa kuomba. Kosa langu lilikuwa kuomba mahali palipotakiwa mkono. Mtume Yakobo amekwisha kuandika juu ya watu wamwambiao mwenye njaa aende kwa amani, ashibe, wala wasimpe chakula. Nilikuwa mmoja wao kwa muda wa dakika mbili, na dakika mbili ni nyingi kwa mtu atokwaye na damu.

Lakini gari la wagonjwa lilipokwisha kuondoka, mikono yangu ilibaki na kazi gani? Sikuwa daktari. Sikujua amepelekwa hospitali gani, wala sikuwa na jina la kuulizia. Hapo ndipo sala ilipokuwa na nafasi yake. Tangu usiku ule namwombea, bila jina, na yule mama pamoja naye. Sitangoja kujua kama imefaa.

Kwa hiyo shauri langu kwenu ni dogo. Tujifunze kufunga jeraha. Wako wenzetu waliofundishwa na Msalaba Mwekundu, tuwaombe watuonyeshe. Tuzikariri namba za msaada, 912 ya gari la wagonjwa na 112 ya polisi, kama tunavyokariri kanuni za hesabu. Na tusikiapo king’ora kikipita usiku, nasi tumelala salama kitandani, tusigeuke upande wa pili tukasema, “Hao si wa kwetu.” Tuseme neno moja kimya kimya kwa ajili ya mtu aliyemo, kisha tulale.

Haya ndiyo mawazo yangu. Rafiki yangu wa sayansi amenisomea hesabu zake zote, naye bado hakubali. Hata hivyo juma lililopita alinijia akaniuliza, “Yule dereva, bado unamwombea?” Nikamwambia ndiyo. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, “Endelea.” Mwenye neno jingine na aandike, nitalisoma kwa furaha.

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita