Kiingereza Chetu: Kitenzi "Fall" na Vijineno Vyake



Juma hili tunakichambua kitenzi cha Kiingereza ambacho kila askari amepata kukisikia, nacho ni "fall". Maana yake ya kwanza ni kuanguka, na wengi wetu huishia hapo. Lakini anayekijua kwa maana hiyo peke yake aweza kupata hasara, kama tutakavyoona.

Tuanze kwenye uwanja wa gwaride. Amri ya "fall in" haimwambii askari aanguke ndani ya kitu chochote; yamwamuru ajipange mstarini. "Fall out" yamruhusu kuutoka mstari, na "fall back" ni kurudi nyuma. Kiswahili nacho kimekuwa lugha ya askari wa Afrika Mashariki tangu enzi za King's African Rifles, jeshi lililoundwa mwaka 1902 na ambalo wazee wetu waliliita Keya. Katika amri hiyo ya "fall in" ndimo lilimotoka neno letu "foleni". Mama anayengoja zamu yake kwenye zahanati hutumia neno la gwaride bila kujua!

Siri ya kitenzi hiki imo katika kijineno kinachokifuata. Sisi hubadili maana kwa kubadili mwisho wa kitenzi: simama, simamia, simamisha. Anayesimamia kazi na aliyesimamishwa kazi wametajwa kwa shina moja, lakini hali zao ni mbalimbali kabisa. Mwingereza hukiacha kitenzi chake kama kilivyo, kisha huongeza neno jingine nyuma yake. Kwa hiyo yatupasa kujifunza maneno hayo mawili pamoja, kana kwamba ni neno moja.

Tazama mifano hii:

"Fall ill" ni kuugua.
"Fall asleep" ni kushikwa na usingizi.
"Fall behind" ni kuachwa nyuma na wenzako, au kuchelewa kulipa deni.
"Fall out with" ni kukosana na mtu.
"Fall through" ni mpango kuvunjika.
"Fall back on" ni kutegemea akiba wakati wa shida.
"Fall for" ni kumpenda mtu ghafla, au kudanganyika. Mara nyingine maana zote mbili humpata mtu yule yule!
"Fall due" ni deni kufikia siku yake ya kulipwa.

Huo wa mwisho ndio wenye hatari. Tuseme koplo mmoja apokea barua ya shule isemayo: "Fees fall due on 3rd February." Afungua kamusi, aona kwamba "fall" ni kuanguka au kushuka, kama bei ishukavyo sokoni. Afurahi kwamba karo imepunguzwa, na sehemu ya fedha alizoweka aninunulia mabati. Tarehe 4 mwanawe arudishwa nyumbani. Barua haikumdanganya, ilimweleza kwamba tarehe 3 ndiyo siku ya mwisho ya kulipa. Basi ufunguapo kamusi, usitosheke na maana ya kwanza. Endelea kushuka mpaka ulione neno lako pamoja na mwenzake.

Kumbuka pia kwamba kwa wakati uliopita twasema "fell", si "falled". "The fallen" ni askari waliokufa vitani. Hilo ni neno la heshima, nasi tulitamke kwa heshima.

Zoezi la juma hili, ambalo mzazi na mtoto waweza kulifanya pamoja: fasiri kwa Kiswahili sanifu.

1. The recruits fell in at six o'clock.
2. The two neighbours fell out over a goat.
3. Our plan fell through, so we fell back on our savings.

Majibu tutayatoa juma lijalo, Mungu akipenda.